Gego lililotibiwa mzizi: kofia inahitajika lini, na kwa nini

Swali limeletwa na mama mmoja wa Makorora, Tanga, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 43. Anaandika:

"Shikamoo daktari. Mwaka jana gego langu la chini upande wa kulia, ambalo lilizibwa zamani, lilivunjika kipande nikitafuna kashata ya karanga. Nikavumilia mpaka likaanza kuniuma usiku kucha. Mwezi uliopita nimetibiwa mzizi, maumivu yameisha, na wameziba kwa dawa ya muda. Sasa daktari ananiambia gego lazima livishwe kofia, na bei yake ni kubwa kuliko ya kutibu mzizi wenyewe. Shemeji yangu anasema naliwa hela bure: jino halina neva, haliumi, lizibwe basi. Dada yangu anasema ling'olewe yaishe. Nifanye lipi? Naweza kungoja mwisho wa mwaka nipokee hela ya mchezo? Halafu mwanangu wa miaka 6 amewekewa kofia ya chuma kwenye gego la utotoni. Kuna haja gani, na jino lenyewe litang'oka?"

Marahaba mwalimu, na pole. Maumivu ya gego usiku ni mateso, najua ulivyohangaika.

Nianze na jibu lenyewe. Kwa jinsi ulivyolieleza, daktari wako amekushauri vizuri. Gego la mtu mzima lililokuwa na kizibo kikubwa, likavunjika ukuta, kisha likatibiwa mzizi, linahitaji kitu cha kulifunika juu na kulizunguka, na hicho ndicho tunachokiita kofia. Ila kabla hujalipa, kuna mambo ya kuangaliwa ili ujue kama gego hilo litaweza kuibeba hiyo kofia, na hayo nitakueleza hapa chini.

Shemeji yako amesema kweli kwenye jambo moja: jino lililotibiwa mzizi haliumi kwa maji baridi wala kwa chai ya moto, kwa sababu neva ya ndani imeshatolewa. Lakini kutouma si kuwa imara. Jino lenye neva likianza kupata ufa hukupigia kelele mapema, unashtuka ukiuma kitu, unakuja hospitali. Lililotolewa neva linaweza kuendelea kupasuka kidogo kidogo miezi mingi na wewe huna habari, mpaka siku unatafuna korosho unasikia "kwa!" na nusu ya gego inacheza.

Wengi wameambiwa kwamba jino likitibiwa mzizi hukauka, na ukavu huo ndio unaolivunja. Sivyo. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti wa watu waliopima ukakamavu wa magego madogo hatua kwa hatua, jinsi yanavyochimbwa na kuzibwa. Tundu la kupitishia matibabu ya mzizi, likiwa peke yake, lilipunguza ukakamavu wa jino kwa asilimia 5 tu. Kuchimba sehemu ya juu ya kutafunia kulipunguza asilimia 20. Lakini jino lilipopoteza ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma pamoja, yaani zile kuta mbili zinazogusana na meno ya jirani, ukakamavu ulishuka kwa asilimia 63. Kwa hiyo mtu wa kulaumiwa si aliyekutibu mzizi. Jino lilishamalizwa na kuoza, na kizibo kikubwa cha zamani, na kile kipande kilichoondoka na kashata.

Jitazame kwenye kioo, mdomo wazi, tochi ya simu ikimulika upande wa kushoto ambako gego la chini bado zima. Utaona vilele vinne au vitano, na katikati bonde. Vilele hivyo vinashikana kwa mbele na nyuma kwa ukingo ulioinuka kidogo. Ukitafuna, chakula kinasukumwa bondeni, na kila mgandamizo unataka kuvitanua vilele kwenda nje, vya upande wa shavu huku na vya upande wa ulimi kule. Ukingo ule ndio unaovirudisha. Ukishaondoka, kila kilele kinasimama peke yake na kupinda kidogo sana kila unapouma, na magego ya mtu mzima yanaweza kuuma kwa nguvu ya kilo 50 na zaidi. Kizibo cha kawaida kinajaza shimo vizuri, lakini kikiwa kikubwa hakiwezi kufunga vilele vilivyokwisha achana. Jino likikatika juu ya fizi, tunashukuru, linatengenezeka. Ufa ukishuka mpaka kwenye mzizi, hakuna dawa wala gundi ya kuurudisha, ni kung'oa.

Kazi ya kofia ni hiyo basi. Umewahi kuona patasi ya mafundi wa mashua? Kichwani mwa mpini wamevisha pete ya chuma, ili mti usipasuke kwa kupigwa nyundo. Kofia inalibana gego kwa namna hiyo: inafunika vilele vyote, inashuka pande zote karibu na fizi, na nguvu ya kutafuna inashukia kwenye mzizi badala ya kutanua kuta.

Kuhusu ushahidi, nikupe ulivyo. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2002 ulifuatilia meno yaliyotibiwa mzizi ukakuta yale yasiyovishwa kofia yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyovishwa. Takwimu hiyo inatisha, lakini isomwe kwa uangalifu, maana daktari huchagua kuvisha jino ambalo tayari anaona lina maisha, na lile baya huachwa na kizibo. Tafiti za kulinganisha kofia na kizibo kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu ni chache mno. Kwa hiyo sitakuambia kwamba kila jino lililotibiwa mzizi livishwe. Nasema gego lililopoteza ukuta livishwe, kwa sababu hapo tafiti na jinsi jino linavyofanya kazi vinakubaliana, na ndivyo ninavyoona kwa wagonjwa wangu pia.

Sasa mambo ya kuangalia kabla ya kulipa. Omba uoneshwe picha ya eksirei ya gego hilo iliyopigwa baada ya matibabu ya mzizi. Kwenye picha dawa iliyojazwa inaonekana kama mistari myeupe ndani ya mizizi. Ifike karibu na ncha, isiache mapengo meusi katikati. Kama mzizi haukusafishwa vizuri, kuvisha kofia juu yake ni kufungia ugonjwa ndani, na siku usaha ukirudi itabidi kofia itobolewe au ivunjwe.

La pili ndilo kubwa zaidi, na wagonjwa wengi hawaelezwi. Baada ya uozo wote kusafishwa, sehemu ya jino isiyooza ibaki juu ya fizi walau milimita 2 kuzunguka pande zote, au karibu pande zote. Kofia inashika jino halisi, haishiki dawa ya kujazia. Ukikuta mtu anasema "kofia yangu imetoka mara tatu, simenti mbovu," mara nyingi simenti haina kosa: hapakubaki jino la kushikwa. Muulize daktari wako waziwazi, "Jino limebaki milimita ngapi juu ya fizi?" Akikuambia ni chache, kuna njia ya kushusha fizi na mfupa kidogo ili jino litokeze zaidi. Na kama hata hivyo haitoshi, mwenye nia njema atakuambia usipoteze hela.

Atapitisha pia kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino, akizunguka polepole. Kikizama kidogo pande zote, milimita 2 au 3, ni kawaida. Kikizama ghafla mahali pamoja tu, pembamba na kwa kina, hiyo inatia shaka ya ufa uliofika kwenye mzizi. Na gego likitikisika kwa sababu mfupa umeliwa na ugonjwa wa fizi, fizi itibiwe kwanza.

Dada yako naye tumsikilize. Kung'oa ni rahisi leo na ni nafuu leo. Baada ya hapo jino la nyuma huanza kulalia kwenye pengo, la juu hushuka likitafuta mwenzake, na wewe unahamia kutafunia upande mmoja. Ukija kutaka kujaza pengo, daraja litahitaji kuchonga meno mawili ya jirani, ambayo pengine ni mazima, na jino la kupandikizwa kwenye mfupa bei yake ni kubwa kuliko kofia. Umeshalipia matibabu ya mzizi, mwalimu, maumivu yamekwisha. Kuling'oa sasa bila sababu ni hasara mbili. Lakini kama ufa umeingia mzizini, au halijabaki jino la kushikwa, dada yako ana haki, ling'olewe bila kusitasita.

Hapa niseme na wasomaji wengine, maana suala la kofia lina upande wa pili unaoniumiza zaidi. Siku hizi vijana wanakuja wakitaka meno ya mbele mazima yavishwe kofia ili yang'ae kwa ajili ya harusi au picha. Kuvisha kofia kamili kunaweza kuondoa theluthi mbili hadi robo tatu ya sehemu ya jino inayoonekana. Kilichochongwa hakioti tena. Na baadhi ya meno yenye neva hai, yakishavishwa, neva hufa miaka ya baadaye, mtu akarudi kwa matibabu ya mzizi ambayo hakuwa akiyahitaji. Kwa jino zima lililobadilika rangi kuna kung'arisha kwa dawa, au kupaka dawa nyeupe juu bila kuchonga sana. Jino la mbele lililotibiwa mzizi lakini kuta zake bado zipo, kwa kawaida linatosha kuzibwa vizuri. Tundu dogo kwenye gego halihitaji kofia. Ukiambiwa uvishe kofia kwa tundu la ukubwa wa punje ya mchele, tafuta ushauri kwa daktari mwingine.

Vilevile kuna jino ambalo halijatibiwa mzizi na bado linahitaji kofia: lenye ufa. Mvuvi mmoja wa Sahare alinijia akilalamika gego la juu linamchoma, ila si kila saa. Picha haikuonyesha kitu. Nilimpa aume kijiti cha plastiki juu ya kilele kimoja kimoja. Kilele cha kwanza, hakuna. Cha pili, hakuna. Cha tatu, alipouma alitulia, alipoachia akaruka kitini. Maumivu yanayokuja unapoachia kuuma ni alama ya ufa. Miaka yote alikuwa anakata mshipi wa nailoni kwa gego hilohilo. Lilivishwa kofia, na sasa anakata kwa kisu. Wanaofungua chupa za soda kwa meno, wanaotafuna barafu na wanaosaga meno usingizini wako katika hatari hiyo. Msaga meno mwenye jino la ufa avishwe kofia na apewe pia kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, la sivyo atapasua hata hiyo kofia.

Turudi kwako. Kazi yenyewe kwa kawaida huchukua safari mbili. Hata kama jino halina neva, fizi inayolizunguka ina hisia, kwa hiyo mara nyingi utapigwa ganzi. Dawa ya muda inaondolewa, shimo linajazwa dawa ngumu ili jino lipate umbo. Kisha linachongwa: juu kiasi cha milimita 1.5 hadi 2, pembeni pungufu ya hapo, ili kofia ipate nafasi bila kulifanya jino liwe refu kuliko wenzake. Utasikia maji mengi mdomoni na harufu ya kuungua kidogo, ni kawaida. Halafu unauma kibeseni chenye dawa laini inayoganda dakika chache ikachukua chapa ya meno yako, au wenye kamera ya kompyuta wanapiga picha badala yake. Unaondoka na kofia ya muda ya plastiki. Hiyo usiitafunie kashata wala mua, na ukipitisha uzi wa meno uutolee pembeni, usiuvute kwenda juu. Kama kliniki inatuma chapa kwa fundi Dar es Salaam, hesabu wiki moja hadi mbili, labda zaidi.

Siku ya kubandika, usione haya. Kabla simenti haijawekwa, kofia inajaribiwa kavu. Uma, saga kushoto na kulia, na kama unahisi gego hilo linatangulia kugusa kabla ya mengine, sema. Utauma karatasi yenye rangi, sehemu iliyozidi itasuguliwa, utauma tena. Wagonjwa wengi huku kwetu hunyamaza kwa heshima, wakasema "nitazoea". Kofia iliyozidi hata unene wa karatasi hugonga kila unapofunga mdomo, na baada ya siku chache taya linauma. Daktari hatakasirika kurudia mara tano.

Kuhusu aina: kwa gego la nyuma, chuma kitupu kinahitaji kuchongwa kidogo zaidi kuliko vyote na kinadumu sana, ila kinaonekana ukicheka. Chuma kilichofunikwa kauri kina sura ya jino, lakini kauri inaweza kumeguka. Zirkonia ni aina ya kauri nyeupe, ngumu, na kwa gego inafaa mno. Mimi kwa mtu asiyejali rangi ningechagua chuma kwa gego la nyuma kabisa. Kwa lako, ambalo wanafunzi wanaweza kuliona, zirkonia au chuma chenye kauri. Bei inatofautiana kwa malighafi, kwa maabara na kwa kliniki, kwa hiyo uliza jumla yake: je, inajumuisha kujazia jino, kofia ya muda, picha, na kurekebishwa ikigonga? Na ikitoka ndani ya mwaka, nani analipa? Andikiwa.

Kofia ikitunzwa huenda miaka 10 hadi 15, nyingine zaidi ya hapo. Yenyewe haiozi. Jino lililo chini yake, pale pembeni inapokutana na fizi, ndilo linaloweza kuoza. Piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi, tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, na uzi wa meno upite kila siku. Mswaki wa mti si mbaya, ila ufike hadi kwenye ukingo huo. Na chai yenye sukari ya kunywa kidogo kidogo kutwa nzima darasani huozesha meno kuliko kikombe kimoja unachokimaliza mezani.

Mtoto wako aliyewekewa kofia ya chuma ametendewa jambo jema. Magego ya utotoni hayang'oki akiwa na miaka 7, yanakaa mpaka miaka 9 hadi 12. Hadi hapo anayahitaji kutafunia, na yanamtunzia nafasi gego la ukubwani lisije likaota upande. Kofia za watoto huja tayari zimetengenezwa, huchaguliwa kwa kipimo, na bei yake haifanani na yako. Kuna hata njia ya kuvisha bila sindano wala kuchonga, iliyoanzia kwa daktari Norna Hall wa Uskoti: kofia inasukumwa juu ya gego lililooza, uozo unafungiwa ndani ukakosa chakula, na unasimama. Njia hiyo inafaa kwa jino la utotoni ambalo halijafika kwenye usaha. Kwa mtu mzima haifai. Jino likiwa tayari kung'oka, litang'oka na kofia yake.

La kungoja hela ya mchezo. Kuna utafiti wa mwaka 2016 uliofuatilia wagonjwa miaka minane, ukakuta magego yaliyovishwa baada ya miezi 4 kupita tangu matibabu ya mzizi yaling'olewa karibu mara 3 zaidi ya yaliyovishwa mapema. Kwa hiyo kama mchezo wako unaangukia ndani ya miezi mitatu, sawa, lakini usikae na dawa ya muda. Hiyo ni laini, mate yanapenya, na vijidudu vikirudi kwenye mizizi gharama inaanza upya. Rudi wiki hii, mwambie daktari hali ya mfuko ilivyo, umwombe akuzibie kwa dawa ya kudumu huku akipunguza vilele na kuvifunika kwa dawa hiyo hiyo, yaani juu yote iwe dawa. Kwa wengine ziba ya namna hiyo imekaa miaka, na si mbadala wa aibu. Mpaka uvishwe, tafunia kushoto, acha kashata, korosho na mifupa upande huo. Na ukiona uvimbe kwenye fizi chini ya gego hilo, au kijipu kinachotoa maji ya chumvi mdomoni, usingoje tarehe ya mchezo. Nenda Hospitali ya Bombo au rudi kwa daktari wako siku hiyohiyo.